Lubugo Lenye Tundu

Tuseme ukweli mapema: Ildefons Mutembei wa Maruku alikuwa na maringo. Si maringo ya viatu wala ya saa ya mkononi, maana viatu alivaa Krismasi na Pasaka tu, na saa hakuwahi kuwa nayo. Maringo yake yalikuwa ya mikono. Tangu alipokabidhiwa nyundo na marehemu baba yake, hakuna lubugo lililotoka uani kwake likiwa na tundu. Hata moja. Hata la kupitisha sindano. Ukikaa naye kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi, kabla kibuyu hakijafika nusu atakuwa ameshakwambia hilo mara tatu, na ya nne anameza mate tu.

Lubugo, kwa asiyelijua, ni nguo ya gome la mtoma. Unalivua gome wakati wa mvua, unauvika mti majani ya mgomba ili usikauke, kisha unalilaza gome juu ya gogo na kuligonga. Nyundo ya kwanza ina mifereji mipana, ya pili ina myembamba, ya tatu myembamba zaidi, na mkono ukikubali, kipande kilichokuwa cha kukalia kinakuwa shuka la kujifunika. Ukilianika juani linageuka jekundu kama udongo wa kwetu. Wazee walilivaa. Halafu ikaja amerikani, yakaja makaptula, na kufikia miaka ninayoisimulia, Azimio la Arusha likiwa bado bichi na kila mkutano ukifunguliwa kwa wimbo wa ujamaa, lubugo lilikuwa limebakiwa na kazi moja tu, ya kuzikia. Na maiti, alisema Ildefons, hazikwi na tundu. Udongo utamwingia usoni, naye huko aendako ataulizwa ni nani aliyemgongea.

Kwa hiyo mtu akipiga hodi kwa Ildefons, mwenye nyumba huanza na pole. Ndivyo ilivyokuwa mwezi wa tatu mwaka sitini na tisa, aliposimama uani binti mmoja mwembamba, gauni la kitenge, mkoba begani na baiskeli pembeni.

"Pole sana, mwanangu," Ildefons akasema, akiweka nyundo chini. "Nani?"

"Nani nini, Ta?" binti akauliza, akimheshimu kwa neno la Kihaya.

"Aliyefariki."

"Hakuna aliyefariki."

"Anaumwa sana?"

"Hakuna anayeumwa. Nataka lubugo. Mawili, na kama yapo hata manne."

Adventina, mkewe, aliyekuwa anamenya ndizi mlangoni, akaacha kumenya. Manne! Na hakuna mgonjwa! Ildefons alimtazama yule binti miguu mpaka kichwa. Katika miaka thelathini hakuwahi kuuza lubugo bila msiba, na aliamini kabisa kwamba ukiliuza namna hiyo, msiba utalifuata wenyewe.

"Wa nani wewe?"

"Wa Mwalimu Josia, wa Izigo. Naitwa Klaudia Kokwijuka. Nafundisha kuchora pale Bukoba, shule ya sekondari. Sanaa nimeisomea Kampala, miaka minne."

"Miaka minne unachora!" Ildefons akamgeukia mkewe. "Umesikia? Alikuwa anachora kitu gani kikubwa hivyo?"

Binti akacheka, tena kicheko cha kweli, na hapo ndipo Ildefons alipoanza kumpenda, ingawa ungemchoma moto asingekubali. Adventina akamkaribisha ndani, binti akavua viatu, akakaa kwenye nyasi zilizotandikwa, akapewa kahawa ya kutafuna. Akaeleza. Kuna wasanii siku hizi, alisema, waliochoka kuchora juu ya kitambaa cha Ulaya. Mtu wa hapa akitaka kusema neno la hapa, kwa nini aliseme juu ya kitambaa cha kuagizwa? Yeye ataliweka lubugo ukutani, watu waje walitazame. Maonyesho yatakuwa Saba Saba, kwenye ukumbi mmoja mjini, karibu na ziwa.

"Walitazame tu?"

"Walitazame tu."

Ildefons alitafuna kahawa muda mrefu. Mwisho akatoa sharti: atamgongea, lakini kila Jumamosi atakwenda mwenyewe kuona linafanywa nini. Kazi yake haiendi mahali asipopajua.

Basi ndivyo mzee wa miaka hamsini na minane alivyoanza shule. Kila Jumamosi alipanda baiskeli kutoka Maruku hadi Kashai, kwenye chumba cha kupanga alichokaa Klaudia, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kufundishwa mambo ya wasanii wa kisasa. Shemeji yake Kaijage, kaka wa Adventina, alikuwa fundi cherehani jirani hapohapo, na hakumwacha apite salama.

"Shemeji! Leo unajifunza herufi gani? Umefika K?"

"Endelea kushona suruali za watu zinazopasuka," Ildefons humjibu bila kushuka kwenye baiskeli.

Lakini ndani ya kile chumba alikuwa mwanafunzi mgumu. Klaudia alikuwa na vitabu vya picha. Akamwonyesha kinyago cha Mmakonde, watu kumi na zaidi wamebebana juu ya gogo moja, na Ildefons akakipenda papo hapo, maana alijua ni mpingo na alijua mpingo unavyokataa patasi. Akamwonyesha kazi ya mtu wa Sudani aliyechukua herufi za Kiarabu akazikunja mpaka zikawa ndege na nyuso za watu. Hiyo nayo aliikubali kwa shingo upande. Kisha akamfungulia ukurasa wa mzungu aliyetandika turubai safi, akaipaka rangi moja, halafu akachukua kisu akaichana katikati. Basi. Ndiyo kazi yenyewe.

"Alilewa?" Ildefons akauliza.

"Hakulewa."

"Aligombana na wenye turubai?"

"Turubai ni yake, Ta. Alichana makusudi."

"Na wenzake walimwacha atembee?"

Klaudia akakaa chini mbele yake, mikono imejaa rangi. Alikuwa na subira ya mwalimu, na mzee alikuwa anaimaliza kidogo kidogo. "Sikiliza. Zamani picha ilikuwa dirisha. Unasimama, unaona ng'ombe, unaona mlima, unasema ng'ombe mzuri. Dirisha lenyewe hulioni. Hawa wa sasa wanasema, hebu tulione dirisha. Hiki ni kitambaa. Hii ni rangi. Huu ni mkono wa mtu. Tusifiche kilivyotengenezwa, tusijifanye kuna ng'ombe. Anayekata anasema, nyuma ya kitambaa kuna kitu pia, kuna giza, kuna hewa, na ninyi hamkuwahi kukiona."

Wiki iliyofuata Ildefons alimwambia Klaudia kwamba amefikiri. Mifereji ya nyundo inayobaki kwenye lubugo, baba yake alimfundisha kuifuta isionekane, lakini yeye siku zote aliiona mizuri, mistari ile inayopita kama shamba lililolimwa. Je, hiyo ni kuliona dirisha? Klaudia alipiga makofi. Akamwambia hiyo ndiyo hasa, na tangu siku hiyo mzee akamgongea lubugo lenye mistari iliyosimama wazi, na akili yake ikawa na furaha kama mtoto aliyepewa ndizi mbivu. Alianza hata kuwasomesha watu kwenye rubisi. Walimsikiliza kwa sababu ya heshima, na wengine kwa sababu ya rubisi.

Jambo moja tu hakulikubali: tundu. Klaudia alipotaka kutoboa, alimnyang'anya mkasi. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," alimwambia, "na wewe unataka kubomoa ukuta uanze na ufa! Sahau."

Mwezi wa tano Klaudia alikwenda Maruku kuchukua lubugo la mwisho. Ildefons alipanda darini kulishusha, na pamoja nalo likaanguka jingine, limekunjwa, limejaa vumbi na masizi. Klaudia akalifungua kabla mzee hajashuka. Lilikuwa pana, laini kupita yote, jekundu sana, na katikati yake kulikuwa na tundu la ukubwa wa ungo.

"Hilo acha," Ildefons akasema kwa haraka.

"Lina nini?"

"Si unaona lina nini? Tawi lilikaa vibaya kwenye mti, gome likachanika nilipolivua. Nilitaka kulitia kiraka, halafu nikaona aibu hata kuligusa." Kisha, kwa kuwa maringo hayakai kimya, akaona heri ageuze aibu kuwa sifa. "Lakini hilo ndilo litakalokuonyesha mimi ni mtu gani. Masika ya mwaka wa Uhuru alikuja bwana mmoja hapa, amelowa, amevaa tai, nikajua huyu ni mwalimu. Mkewe amefariki, mazishi kesho yake, na marehemu aliomba azikwe kwa lubugo kama mama yake. Nilikuwa na hili tu. Kiraka cha namna hii ni kazi ya siku mbili. Wewe ungefanyaje? Ungempa tundu? Mimi nilimwambia sina. Nikamwambia hapo hapo kwenye mlango wa ua, sikumkalisha, nisije nikamchelewesha. Mwingine angempa tu akala hela. Mimi, hapana!"

Klaudia alikuwa ameweka kiganja chake juu ya lile lubugo na hakukiondoa. Adventina, ambaye hakusoma hata darasa moja, alimtazama yule binti usoni, akainuka akaenda kumletea maji bila kuombwa.

"Nipe hili," Klaudia akasema baadaye.

"Hilo? Haliuzwi."

"Basi nipe bure."

Ildefons alibishana, mkewe akamkatiza kwa Kihaya, maneno mafupi, na lubugo likafungwa kwenye baiskeli. Mzee alijifariji kwamba binti atalikata vipande vidogo. Tundu likikatwa linakwisha.

Tarehe sita Julai, siku moja kabla ya maonyesho, Ildefons alikwenda ukumbini kusaidia kutundika, kwa sababu lubugo usipolijua linavutika upande. Wakatundika saba pamoja. Lile lililochorwa kwa mkaa, lile la mistari, lile lililopakwa majivu na utomvu wa mgomba. La nane Klaudia alilitundika peke yake, katikati ya ukumbi, mbele ya mlango, kwa kamba mbili kutoka kwenye boriti. Kisha akamuaga mzee, akaenda stendi kumpokea baba yake anayekuja kwa basi kutoka Izigo.

Ildefons akaligeukia. Lilikuwa lile. Zima, halikukatwa, halikuchorwa. Tundu la ukubwa wa ungo, kimo cha uso wa mtu, na kupitia humo unauona ukuta mweupe wa nyuma. Chini yake palibandikwa karatasi, akaisoma kwa kidole: *Tundu. Lubugo limegongwa na Ildefons Mutembei wa Maruku.*

Jamani! Jina lake! Maonyesho yote yana kazi nane, na lililowekwa mlangoni, la kwanza kuonwa na kila mtu, ni tundu lenye jina lake! Na kesho Maruku nzima inakuja, Kaijage akiwa mbele kabisa, kicheko kimeshaandaliwa. Miaka thelathini ya kazi safi ingekwisha asubuhi moja. Hakumchukia Klaudia, la. Alimwonea huruma kwa kukosa akili, maskini, elimu nyingi. Kwenye mfuko wake wa ngozi hakukosa kamwe sindano, nyuzi za mgomba na mabaki ya lubugo. Akalishusha, akakaa sakafuni.

Na alichokifanya siku ile kilikuwa kazi bora ya maisha yake, lazima nikiri. Kiraka alikilowesha, akakigonga ukingoni kwa mpini wa kisu mpaka ukingo ukawa mwembamba kama ngozi ya kitunguu, akakishona kwa mishono inayofuata mistari ya nyundo, akakisugua kwa udongo na mafuta. Kiraka cha siku mbili alikimaliza jioni. Ungelitazama mbele na nyuma ungeapa kwamba gome lile lilizaliwa zima. Akalitundika. Akaenda kulala kwa shemeji yake Kaijage akiwa na amani, na asubuhi akawahi ukumbini kungoja shukrani.

Klaudia aliingia saa mbili na nusu akiwa amebeba maua. Akasimama. Akalizunguka lile lubugo mara mbili.

"Nani?" akauliza.

"Mimi," Ildefons akasema, kifua mbele. "Usinishukuru. Nilijua ulikosa muda."

Maua yakawekwa chini. "Ta Ildefons, umeifuta picha yangu."

"Picha ipi? Hapakuwa na picha hapo. Palikuwa na tundu."

"Tundu ndilo picha!" Alipiga kelele, yule mwalimu mwenye subira, na sauti ikagonga bati. Kisha akaishusha, na hiyo ikawa mbaya zaidi. "Yule bwana wa tai alikuwa baba yangu. Masika yale aliendesha baiskeli kutoka Izigo mpaka Maruku kwenye mvua, akarudi mikono mitupu. Mama tulimzika kwa shuka la amerikani tulilokuwa tunalalia. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nililishika upande wa miguu. Aliomba kitu kimoja tu, na tulimwambia hakikupatikana. Kumbe kilikuwepo. Kilikuwa darini kwako. Uliona aibu."

Ildefons alitafuta mahali pa kukaa, akapata dirisha. Alitaka kusema kwamba hakujua. Alitaka kusema udongo ungemwingia marehemu usoni. Lakini amerikani je, haikuingiza udongo? Shuka la kulalia, lililochakaa! Maneno yote aliyowahi kuyasema kwenye rubisi kwa miaka minane, mimi sitoi tundu, mimi si kama wengine, yalimrudi mdomoni yakiwa machungu, na aliona aibu, aibu ya kweli sasa, siyo ile ya gome.

"Baba yako anajua?" akauliza.

"Hajui. Nilitaka aje aone, nimwambie mwenyewe. Nilikuwa na hasira na wewe, sitakudanganya, jina lako niliweka kwa hasira. Lakini kila nikilitazama hasira ilikuwa inapungua. Nilikuwa naona pale mahali alipokuwa mama. Sasa naona kiraka kizuri sana."

Nje watu walishaanza kufika. Sauti ya Kaijage ilitangulia, anawaambia watu wa Maruku wafute miguu, hapa ni kwa wasomi. Wakaingia kama ishirini, kofia mikononi, wakasimama mbele ya lile lubugo zima, jekundu, lisilo na doa. Wakaguna kwa kulisifu. Kaijage mwenyewe, fundi wa kushona, alilipapasa kwa vidole akitafuta kasoro ya kucheka, akakosa.

"Shemeji," akasema, "hapa sina neno."

Kwa miaka yote Ildefons alikuwa ameingoja sentensi hiyo. Alishuka dirishani, akaipita kama mtu anayepita sokoni bila haja ya kununua, akatoa kisu chake kidogo cha kuvulia magome. Akatafuta mshono ambao yeye peke yake angeweza kuupata. Akaukata, mmoja, na wa pili, akizunguka polepole. Watu walipiga ukelele. Mmoja alitaka kumshika, Klaudia akamzuia kwa mkono. Kiraka kikadondoka sakafuni, na pale mbele yao tundu likafunguka tena, na upande wa pili wake wakaonana uso kwa uso na wenzao waliokuwa wamesimama nyuma.

"Shemeji, una wazimu? Umeliharibu!" Kaijage akasema. Safari hii hakucheka.

"Sikuliharibu. Lilitoka hivi mkononi mwangu." Ildefons alisema kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. "Mnanijua kwa kusema sijawahi kugonga lubugo lenye tundu. Nilisema uongo. Hili hapa. Nililificha darini, na mtu alilihitaji. Someni jina, ni langu."

Watu wakatazama vidole vya miguu yao. Ildefons alishangaa kuona kwamba bado amesimama, na kwamba jina lake, pale kwenye karatasi, bado lilikuwa jina lake.

Mlangoni kulikuwa na mzee mwenye tai, kofia kifuani, amekuja kimya kimya na amesikia yote. Watu wakampisha. Klaudia akaanza kumfuata, mzee akamwashiria abaki. Mwalimu Josia alisimama mbele ya lubugo, akalishika ukingoni kwa vidole viwili kama mtu anayepima unga, akatazama mistari ya nyundo, akatazama wekundu wake, akatazama tundu. Ildefons alikwenda akasimama ubavuni kwake.

"Waitu," akasema kwa heshima ya Kihaya, "ni mimi niliyekwambia sina. Ulikuja ukanikuta nalo."

Mwalimu hakumgeukia. Kiganja chake kilikuwa kinapanda na kushuka juu ya lile lubugo, taratibu, kwa upole mwingi.

"Ungenionyesha tu, bwana," akasema. "Tungelichukua hivyo hivyo."